Pumba, kitunguu na tumbo lisilotulia: uchambuzi wa kisa kimoja cha IBS

Kisa hiki cha IBS, yaani hali ya utumbo kusumbuka bila kidonda wala uvimbe unaoonekana, ni cha mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, mfanyakazi wa ofisini katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nitamwita Dada M. Ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Jina, umri kamili, kazi na mji vimefichwa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa. Nimekiandika kwa ajili ya maafisa lishe wenzangu, wauguzi na matabibu wa zahanati, lakini hata mwenye tumbo la aina hii atapata la kumsaidia.

## Historia ya tumbo

Miaka mitatu kabla ya kufika kliniki, Dada M. aliugua kuharisha vibaya hadi akalazwa na kuwekewa maji ya mshipa. Kuharisha kulikoma, ila tumbo halikurudi kuwa lile la zamani. Akawa na maumivu ya kukata chini ya kitovu, yanayopungua akishatoka chooni. Siku mbili tatu anapata choo chepesi mara nne kabla ya saa nne asubuhi, kisha siku nyingine nne hapati kabisa, au anapata vijipande vigumu vilivyoachana. Jioni tumbo linajaa gesi. Kipimo chake kilikuwa kitenge: asubuhi anakifunga vizuri, saa kumi jioni fundo halifiki. Kazini walikwisha kumuuliza mimba ina miezi mingapi.

Njia aliyopita kutafuta tiba tunaijua wengi. Alitibiwa amiba zaidi ya mara moja. Akatibiwa taifodi kwa kipimo kimoja cha damu, kisha akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Shangazi zake wakasema ni chango, akanywa dawa za mizizi. Kila tiba ilimpa nafuu ya wiki moja au mbili, halafu hali ikarudi palepale. Nafuu ya namna hiyo inapotosha sana. IBS ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Mtu hutafuta dawa siku tumbo limezidi. Wiki inayofuata likitulia, sifa zote zinaiendea dawa aliyokunywa.

Jambo moja katika historia yake lilikuwa na uzito kuliko mengine: yote yalianza baada ya maambukizi. Takribani mtu 1 kati ya 10 wanaougua maambukizi makali ya tumbo hubaki na IBS baadaye. Mdudu anakuwa ameshaondoka, lakini mishipa ya fahamu ya utumbo inabaki na usikivu uliopita kiasi. Gesi ambayo mwingine haihisi kabisa, kwa mtu huyu ni maumivu.

## Ushauri mzuri uliomzidishia

Kwenye semina ya afya kazini, Dada M. alisikia kwamba dawa ya tumbo ni kula nyuzinyuzi kwa wingi. Akalipokea kwa moyo wote. Sembe ikawa dona, mkate mweupe ukawa wa brauni. Alinunua pumba za ngano, akawa anaweka vijiko vitatu vya mezani kwenye uji kila asubuhi. Maharage au mbaazi za nazi kila siku, kachumbari kila mlo, na usiku, badala ya chakula kizito, bakuli la embe na tikiti maji.

Mtu mwenye tumbo la kawaida angepongezwa kwa mlo huo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula halisi, na wengi wetu hatufiki hapo. Kwa Dada M., wiki ya pili haikuisha kabla maumivu hayajawa ya karibu kila siku. Akadhani bado hajala za kutosha. Akaongeza pumba.

"Dokta," alisema siku ya kwanza, "nakula kila kilicho kizuri, na kila kilicho kizuri kinaniua."

## Kabla ya kugusa chakula

Hatukubadilisha mlo siku hiyo. Nilimrudisha kwanza kwa daktari, kwa sababu kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya malalamiko kama haya. Maswali yalikuwa: kuna damu kwenye choo? Amepungua uzito bila kukusudia? Maumivu au kuharisha kunamwamsha usiku wa manane? Ana homa, ana upungufu wa damu? Kuna mtu wa familia aliyeugua saratani ya utumbo mpana? Majibu yote yalikuwa hapana.

Vipimo vilikuwa picha kamili ya damu, kipimo cha uvimbe mwilini, choo kwa ajili ya minyoo, amiba na jiadia (kimelea kingine cha utumbo), VVU, tezi ya shingo, na kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki, ambao ni mwili kushambulia utumbo wake pale mtu anapokula ngano. Hiki cha mwisho kina sharti ambalo mara nyingi linasahaulika: lazima kifanyike mtu akiwa bado anakula ngano. Akiacha ngano kwanza, majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Ndiyo maana hatukugusa chakula.

Majibu yote yalirudi mazuri. Dalili zake zilitimiza vigezo vya Roma vya mwaka 2016, ambavyo madaktari hutumia kutambua IBS: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yakiambatana na kwenda chooni na mabadiliko ya choo, na tatizo lenyewe likiwa limeanza si chini ya miezi sita nyuma. Daktari alikaa naye, akamweleza ana nini kwa jina, akampa dawa ya kulegeza misuli ya utumbo atumie siku za maumivu makali. Dada M. aliniambia baadaye kwamba siku hiyo ndiyo aliyolala usingizi wa kwanza mzuri, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kusikia neno saratani.

## Daftari

Wiki iliyofuata aliandika kila alichokula, saa aliyokula, maumivu, na aina ya choo kwa chati ya Bristol, ile ya mwaka 1997 inayogawa choo katika aina 7, kuanzia vijipande vigumu hadi majimaji.

Daftari lilisema mambo matatu. Asubuhi alikunywa vikombe viwili vikubwa vya chai ya maziwa pamoja na uji wenye pumba, au mbaazi kwa chapati. Kisha, kwa kuogopa tumbo litamwaibisha kazini, hakula kitu hadi saa kumi jioni. Usiku saa tatu akala mlo mkubwa wenye mchuzi wa vitunguu vingi, na matunda juu yake. Maumivu yalikuja asubuhi baada ya chai, na tena usiku.

Halafu kulikuwa na Alhamisi. Siku hiyo kazi ilimtoa nje ya ofisi, akala ugali wa sembe, samaki wa kukaanga, ndimu na mchicha kwenye genge la jirani. Tumbo lilitulia mpaka kulala. Yeye mwenyewe aliiwekea siku hiyo alama ya lawama, akaandika pembeni, "Leo nimekula vibaya." Kwake ukaangaji na sembe ndivyo vilikuwa makosa. Nilimwomba asome tena mstari ule na aniambie ni nini hakimo. Hakuna kitunguu, hakuna kunde wala mbaazi, hakuna maziwa, hakuna ngano, hakuna pumba.

## Uamuzi wa kwanza: pumba zitoke

Kwenye chakula tulianza kwa kutoa pumba peke yake, na pamoja na hilo tukapanga saa za kula: milo midogo mitatu na kitu kidogo katikati, cha usiku kiliwe kabla ya saa mbili. Sababu ya kuanza hapo ni ushahidi. Mwaka 1994 madaktari wa Manchester waliwauliza wagonjwa 100 wa IBS kuhusu pumba za ngano: asilimia 55 walisema ziliwazidishia, asilimia 10 tu ndio walisema ziliwasaidia. Mwaka 2009 utafiti wa Uholanzi ulihusisha wagonjwa 275 wa IBS waliopewa ama gramu 10 za pumba, ama gramu 10 za maganda ya mbegu za isabgol, ama unga wa mchele, kwa wiki 12. Isabgol ilisaidia kuliko unga wa mchele, hasa miezi ya mwanzo. Pumba hazikuleta tofauti ya maana, na wengi katika kundi lake walijitoa mapema kwa sababu dalili ziliongezeka.

Kwa nini vitu viwili vinavyoitwa nyuzinyuzi vitofautiane hivyo? Pumba haziyeyuki. Chembechembe zake zinakwaruza ukuta wa utumbo, ukuta unatoa maji na ute, choo kinasogea. Kwa utumbo mtulivu hiyo ni faida. Kwa utumbo wenye usikivu mkali, mkwaruzo huohuo ni maumivu, na juu ya hapo pumba za ngano zina wanga unaochachuka na kutoa gesi. Isabgol inavuta maji ikawa ute mzito, kama mlenda unavyovutika kwenye mwiko, na haichachuki sana. Choo kigumu inakilainisha, chepesi inakishika. Kwa mtu ambaye wiki moja anaharisha na ijayo hapati choo, sifa hiyo ndiyo inayotafutwa.

Baada ya wiki mbili bila pumba maumivu ya asubuhi yalipungua. Tumbo la jioni lilibaki vilevile.

## Uamuzi wa pili: kupunguza FODMAP, kwa muda

FODMAP ni jina lililotolewa mwaka 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kwa kundi la wanga wenye minyororo mifupi ambao utumbo mwembamba haufyonzi vizuri. Mwingine unavuta maji ndani ya utumbo. Mwingine unafika kwenye utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria hadi gesi. Kwetu wanapatikana kwenye kitunguu maji, kitunguu saumu, ngano, maharage na jamii yake yote, maziwa, asali, embe, tikiti maji. Wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, samaki, nyama, mayai, karoti, mchicha, papai, nanasi na machungwa havina shida hiyo.

Mpango una awamu tatu: kupunguza kwa wiki chache, kurudisha kimoja kimoja ili kujua kipi kinasumbua, kisha kula mlo mpana kadiri tumbo linavyoruhusu. Mtu akitafuta mwenyewe mtandaoni anapata orodha ya awamu ya kwanza na kuishi nayo miaka. Hilo ni hatari. Kukaa muda mrefu bila vyakula hivi kunapunguza bakteria wazuri wa utumbo mpana, maana ndivyo chakula chao, na kunaweza kumwacha mtu na upungufu wa virutubishi.

Tuliamua wiki nne, na tukachagua kupunguza vyanzo vikubwa tu badala ya kufuata orodha nzima: kitunguu, kitunguu saumu, jamii ya maharage, ngano, maziwa, embe na tikiti. Orodha kamili ingemfanya apime kila jani la mboga, na Dada M. alikuwa tayari anaanza kuogopa chakula.

## Jikoni kwa mama mkwe

Hapa ndipo mpango huu unaposimama au kuanguka. Dada M. hapiki peke yake. Anaishi na mama mkwe, na sufuria ni moja. Kikao cha pili nilimwomba aje naye. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Lakini mchuzi bila kitunguu ni maji ya moto."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kitunguu ndicho kinachoupa mchuzi wa pwani uzito na utamu, na ukikitoa bila kuweka kingine watu wataacha kula. Dada M. mwenyewe alikuwa amejaribu njia yake: anachagua vipande vya kitunguu na kuviweka pembeni ya sahani. Haisaidii, kwa sababu wanga wa kitunguu unayeyuka kwenye maji. Kikichemka kwenye mchuzi, kinachosumbua kimeshahamia kwenye rojo.

Kwenye mafuta wanga huo hauyeyuki. Basi tukapanga hivi: mafuta yapashwe moto, punje za kitunguu saumu zipondwe kidogo na kukaangwa taratibu hadi rangi ya dhahabu, kisha zitolewe zote. Harufu inabaki, tatizo linaondoka. Halafu pilipili hoho na karoti iliyokwaruzwa zikaangwe kwa subira, ifuate nyanya mpaka mafuta yapande juu, binzari, bizari nyembamba, kipande cha tangawizi, na tui kidogo. Wakati wa kuepua, majani mabichi ya kitunguu, sehemu ya kijani pekee bila kile cheupe cha chini. Mafuta hayo ya kitunguu saumu yatengenezwe na kutumiwa siku hiyohiyo. Yakiwekwa kabatini yanaweza kuota bakteria wa sumu hatari sana.

Mama mkwe ndiye aliyemaliza lililobaki. Alipika mchuzi mmoja bila kitunguu, akakaanga vitunguu pembeni hadi vikawa vya kahawia, akavimwaga kwenye bakuli la wengine. Hakuna aliyelalamika, na Dada M. hakula chake pekee kwenye kona. Naamini uamuzi wa mama huyu ulifanya kazi kubwa kuliko karatasi yoyote niliyomwandikia.

## Choo kikafunga

Wiki ya pili ya kupunguza, kitenge kilianza kufunga hata jioni. Wiki ya tatu akapiga simu: siku tano hajapata choo. Jambo hili lilitarajiwa. Ukiondoa maharage, mbaazi, chapati za ata na nusu ya matunda, umeondoa nyuzinyuzi nyingi kwa mkupuo. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa peke yake kina gramu 6 hadi 8.

Nikamshauri aanze isabgol, inayopatikana kwenye famasi na maduka ya viungo. Akashtuka. "Si tulisema nyuzinyuzi ndizo zilizoniumiza?" Swali hilo lilikuwa kiini cha kisa kizima, tukalitumia kikao kizima tukiwa na vikombe viwili mezani: kimoja pumba na maji, kingine isabgol na maji. Baada ya dakika kumi pumba zilikuwa zimetua chini zikiwa zilezile, na isabgol imekuwa uji wa kuvutika. Aliigusa kwa kidole, akacheka, akasema inafanana na mlenda wa bibi yake.

Alianza nusu kijiko cha chai kwa siku, akiongeza nusu kila baada ya siku kadhaa hadi vijiko viwili, kila mara kwa glasi nzima ya maji na maji mengine baada yake. Isabgol kavu au yenye maji machache inaweza kukwama kooni, na dawa nyingine zinywewe mbali nayo kwa saa mbili. Tuliongeza papai asubuhi, chungwa pamoja na ngozi zake nyeupe, karoti, na bamia kidogo. Choo kilirudi, aina ya 3 na ya 4 kwa chati, siku nyingi za wiki.

## Msiba na uoga

Kabla wiki nne hazijaisha kulitokea msiba ukoo wa mumewe. Siku tatu alikula kilichopikwa: pilau, maharage, chai ya maziwa. Tumbo likachafuka vilivyo. Alirudi akiwa amekata tamaa, kwake mpango umekufa. Mimi niliona tofauti: bila kukusudia alikuwa amethibitisha kwamba chakula kinahusika, na tumbo lilitulia tena alipokuwa amekaa nyumbani siku mbili tatu.

Ila msiba uliacha uoga. Kazi za kufunga mwezi zikamfanya akose kikao, na badala ya wiki nne alikaa kwenye kupunguza karibu mara mbili ya muda huo. Alipokuja uzito ulikuwa umepungua kilo 2, na alikuwa ameacha vitu ambavyo havikuwa kwenye orodha yoyote: nyanya, mayai, hata mchicha. "Sitaki kulichokoza," alisema. Katika kisa hiki chote, hapo ndipo palinitia wasiwasi kuliko popote. Mwanzoni chakula kilimuumiza. Sasa kukikosa kulikuwa kunaanza kumuumiza pia.

## Kurudisha

Tulirudisha kimoja kimoja: siku tatu za kiasi kinachopanda, kisha siku mbili tatu za kupumzika, huku mambo mengine yakibaki vilevile. Tukaanza na maziwa, kwa kuwa aliyakumbuka zaidi. Nusu kikombe kwenye chai hakikuleta kitu. Vikombe viwili vikubwa vilileta. Watu wazima wengi wa jamii zetu hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa, isipokuwa wengi katika jamii za wafugaji, ambazo mabadiliko ya kijenetiki ya kuhimili maziwa yaligunduliwa kwao Tanzania, Kenya na Sudani mwaka 2007. Hivyo jibu la Dada M. halikuwa la ajabu.

Chapati moja ilipita. Mbili na chai hazikupita. Punje ya kitunguu saumu kwenye sufuria ya watu wengi ilipita. Kitunguu maji kilikuwa adui wa kweli: robo ya kitunguu kwenye sahani yake ilimpa maumivu usiku uleule, na jaribio la pili likatoa jibu lilelile.

Maharage nilitaka sana yarudi. Ni protini ya bei nafuu, ni nyuzinyuzi, ni chakula cha nyumba nzima. Yalilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakachemshwa hadi kulainika, maji yale nayo yakamwagwa, ndipo yakaungwa. Wanga wao unaosumbua unahamia kwenye maji hayo. Wapo watakaosema tunamwaga vitamini, na kweli kiasi kinapotea. Lakini mtu anayekula maharage yaliyopungua kidogo ubora amepata kuliko asiyekula kabisa. Alianza vijiko viwili vya mezani, akafika nusu kikombe. Mbaazi zilikomea vijiko vitatu.

## Matokeo

Miezi sita baada ya kikao cha kwanza, maumivu yalikuwa yameshuka kutoka karibu kila siku hadi siku chache kwa mwezi, nyingi zikiwa karibu na hedhi au mwisho wa mwezi kazi zinapobana. Kilo 2 zilikuwa zimerudi. Anakula dona tena kwa kuchanganya nusu kwa nusu na sembe, maharage mara tatu kwa wiki, chapati moja Jumapili. Isabgol anaendelea nayo kijiko kimoja. Kitunguu hali, na nyumbani wameshazoea. Hajapona kwa maana ya kumaliza; IBS haina tiba ya kuing'oa, na tulimweleza hivyo tangu mwanzo.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwa uhakika zaidi ni kutoa pumba, kwa sababu kilifanyika kabla ya kugusa chakula kingine chochote na matokeo yake yakaonekana. Hata hapo siwezi kuwa na uhakika kamili: saa za kula zilibadilika wiki ileile, na kuacha kushinda njaa hadi saa kumi pekee kunaweza kutuliza tumbo. Kujua kwamba si saratani nako kuna nguvu yake, kwa kuwa ubongo na utumbo vinazungumza muda wote.

Kuhusu pumba kuna historia inayotugusa. Wazo kwamba nyuzinyuzi zinalinda afya lilipata nguvu kutoka huku kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ayalandi, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, na Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda kwa miongo kadhaa. Waliona kwamba watu wa vijijini walipata kwa nadra sana magonjwa ya utumbo yaliyojaa Ulaya, nao wakaeleza kwamba sababu ni chakula kisichokobolewa. Lakini watu wale walikula matoke, viazi vitamu, maharage, mboga za majani na nafaka nzima, tangu utotoni, vyote kwa mchanganyiko. Wazo lilipofika Ulaya na kuenea miaka ya 1970, kwa watu wengi likawa kijiko cha pumba juu ya chakula kilekile. Dada M. alipokea toleo hilo, likiwa limerudi nyumbani kupitia semina. Chakula cha bibi yake, chenye mlenda na viazi, kilikuwa karibu zaidi na alichokiona Burkitt kuliko pakiti ya pumba.

Sioni sababu ya kuwatisha watu na nyuzinyuzi, na nisingependa kisa hiki kisomwe hivyo. Kwa mtu mwenye IBS ushauri unapaswa kutaja aina, kiasi na kasi. Miongozo ya madaktari wa Uingereza ya mwaka 2021 inasema vizuri: nyuzinyuzi zinazoyeyuka, kuanzia gramu 3 hadi 4 kwa siku, kuongeza taratibu. Dada M. alirukia vijiko vitatu vya pumba na mbaazi na dona na kachumbari katika wiki moja. Hata tumbo zima lingenguruma.

Kilichoshindikana zaidi ni awamu ya kupunguza kurefuka. Tarehe ya kuanza kurudisha chakula ingepaswa kuandikwa kwenye karatasi ileile ya kupunguza, na kukawa na simu endapo kikao kinakosekana, hasa kwa mtu ambaye daftari lake lilishaonyesha analaumu chakula. Kwa mwenye uzito mdogo, mjamzito, au aliyewahi kuwa na matatizo ya kujinyima chakula, awamu hii nisingeianza kabisa; kutoa pumba, kupanga saa, kupunguza maziwa na kutumia isabgol kungetosha kujaribu kwanza. Wapo ambao hapo ndipo safari yao inapoishia, tumbo likiwa limetulia.

Gharama nayo ilisumbua. Kipimo cha siliaki alikilipia mwenyewe, na isabgol si bei ya kila mtu. Kwa asiyeimudu tunatumia bamia, mlenda kwa kiasi, papai na uji wa shayiri (oats), tukikubali kwamba ni vigumu zaidi kupima kiasi.

Linalofuata kwa Dada M. ni Ramadhani. Saa za kula zitageuka zote, na futari ya pwani ina mbaazi, tambi, maharage na tende kwa pamoja. Tumekubaliana afuturu kwa maji, kipande cha papai na tende moja, aswali, kisha ale viazi au wali na samaki. Mbaazi vijiko vyake vitatu siku asizokula chapati. Isabgol inywewe baada ya futari wakati bado kuna saa za kutosha za kunywa maji, isiachwe hadi daku. Daftari atalifungua tena mwezi huo.